Feni zinazunguka ila skrini nyeusi: usinunue bodi nyingine kwanza

"Shikamoo fundi. Nimejiunganishia kompyuta yangu ya kwanza nyumbani kwa ajili ya kuediti video, pesa nimedunduliza muda mrefu. Prosesa ni Ryzen 5 5600 mpya, nimeletewa na jamaa anayeagiza vitu Dubai. Bodi ni B450 nimechukua kwa mtu, imetumika, na kabla sijalipa alinionyesha inawaka vizuri kabisa na Ryzen 5 2600 yake. Ramu DDR4 mbili za GB 8, kadi ya RX 580 iliyotumika nimeitoa Kariakoo, diski ya NVMe ya GB 500, pawa saplai mpya wati 550. Nikibonyeza swichi feni zote zinazunguka, taa zinawaka, mpaka kadi feni zake zinazunguka, ila monita inaandika haina signali na kibodi haiwashi hata taa. Kwenye kona ya bodi kuna kataa kekundu kamewaka pembeni ya neno CPU. Fundi wa kwanza kasema prosesa imekufa. Wa pili kasema bodi imepiga shoti ninunue nyingine. Rafiki yangu anasema tatizo sijaweka Windows. Naogopa nimeunguza kitu na hela nyingine sina. Nifanye nini?"

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa presha, najua unavyojisikia mtu ukiwa umedunduliza hela kidogo kidogo afu siku ya kuwasha skrini inakuwa nyeusi. Ila nikuambie mapema kabisa ili utulie ndo tuendelee: kwa hivi ulivyoeleza, sioni dalili yoyote kwamba umeunguza kitu, na kwa sasa usinunue chochote, si bodi wala prosesa. Hapo una vitu viwili ambavyo naamini vyote ni vizima, ila havijuani. Nitakueleza kwanini nasema hivo, maana ukielewa kinachotokea ndani pale unapobonyeza ile swichi hutayumbishwa tena na kila fundi anayekuja na jibu lake.

Tuanze na feni, kwasababu hapa ndo wengi wanapotea. Mtu akiona feni zinazunguka na taa za rangi zinawaka anasema kompyuta imewaka ila haionyeshi. Hapana, hiyo kompyuta haijawaka. Ukichomeka waya ukutani, pawa saplai inatoa volti 5 za kusubiria muda wote hata kama hujabonyeza kitu, ndo maana bodi nyingine zinakuwa na kataa hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ukibonyeza swichi, bodi inashusha volti ya ule waya wa kijani kwenye kiunganishi kikubwa cha pini 24, hapo pawa saplai inafungua volti 12, volti 5 na volti 3.3 kwa nguvu zote. Feni zinahitaji hizo volti 12 tu. Hazisubiri ruhusa ya prosesa, hazijui kama ramu ipo, feni ikipata umeme inazunguka, basi. Kwahiyo feni zako zimekuambia kitu kimoja tu: umeme umefika kwenye bodi. Hiyo ni habari njema, ila safari ndo kwanza inaanza.

Baada ya hapo pawa saplai inajipima yenyewe, ikiona volti zimetulia inatuma ishara kwenye waya wa kijivu kuiambia bodi kwamba umeme uko sawa, na bodi inaiachia prosesa ianze kazi. Sasa kwenye Ryzen kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Zile kora 6 unazozisoma kwenye boksi sio zinazoamka kwanza. Ndani ya prosesa kuna kaprosesa kengine kadogo ka ulinzi, hako ndo kanaamka wa kwanza, kanaenda kusoma chip ya biosi iliyopo kwenye bodi (biosi ni ile programu ndogo ya kuamshia kompyuta), kanatafuta humo ndani maelekezo yanayohusu aina yake ya prosesa, kanaipima na kuipanga ramu, na vikishakubali ndo zile kora kubwa zinaruhusiwa kuanza. Yani mpaka hapo hakuna picha, hakuna kibodi, hakuna diski. Biosi ikiwa ya zamani kiasi kwamba haina maelekezo ya hiyo prosesa, kila kitu kinagota hapohapo, na feni zitaendelea kuzunguka mpaka uchoke wewe.

Ndo maana nimependa sana ulivyotaja kibodi haiwashi taa na kale kataa kekundu, umeangalia vizuri. Kibodi kutowaka maana yake bodi haijafika hata hatua ya kuamsha milango ya USB. Na vile vitaa viko vinne kwa kawaida, vimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (ramu), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuanzia), na bodi inaviwasha kwa zamu kadri inavyopita kila hatua. Kinachobaki kimewaka ndo kinakuonyesha safari imekatikia wapi. CPU kuwaka haina maana prosesa imekufa, hapo fundi wa kwanza kakimbilia hitimisho. Maana yake ni kwamba hatua ya prosesa haijapita, na sababu za kutopita ziko kadhaa, prosesa kufa ikiwa ni ile ya nadra kuliko zote. Prosesa mpya kufa ikiwa boksini ni kitu kinachotokea mara chache sana, mara chache kuliko bodi, ramu au pawa saplai.

Na rafiki yako wa Windows mwambie kwa upole kwamba Windows inakuja mwisho kabisa. Kompyuta isiyo na diski hata moja inatakiwa kuwaka, ikuonyeshe nembo ya bodi, uingie kwenye biosi uone joto la prosesa na kiasi cha ramu. Diski isiyo na Windows ingekuletea maandishi kwenye skrini kwamba hakuna cha kuanzia, isingekuletea giza.

Sasa kwanini nashuku biosi. Bodi za B450 zilitoka 2018, zikiwa zimelengwa Ryzen za mfululizo wa 2000, kama hiyo 2600 ya aliyekuuzia. Ryzen za mfululizo wa 5000 zilikuja Novemba 2020, na AMD wenyewe Mei mwaka huo walikuwa wametangaza kwamba bodi za mfululizo wa 400, ambamo B450 imo, hazitapata hizo prosesa, watu wakapiga kelele, mwezi huohuo wakabadili msimamo. Matokeo yake biosi zinazozitambua zilianza kufika kwenye bodi za B450 mwanzoni mwa 2021. Na 5600 yako, ile isiyo na herufi X mwishoni, imetoka Aprili 2022, kwahiyo kwa bodi nyingine hata biosi ya 2021 haitoshi, inabidi mpya zaidi. Jiulize, mtu alikuwa anatumia 2600 yake inapiga kazi vizuri, angekuwa na sababu gani ya kusasisha biosi? Wengi hawagusi kabisa. Kwahiyo alichokuonyesha kilikuwa kweli, bodi ni nzima, na prosesa yako nayo ina uwezekano mkubwa ni nzima. Soketi ni ileile ya AM4 na prosesa inaingia bila shida, ndo maana watu wanaona kila kitu kiko sawa, kumbe kukaa kwenye soketi ni jambo moja na kutambuliwa na biosi ni jambo lingine.

Ila sitaki ukimbilie biosi kabla hujamaliza ukaguzi wa vitu vya bure, maana kuna makosa mawili matatu ya kuunganisha yanayoleta dalili hizihizi kabisa. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kesi kisicho na rangi ili umeme tuli wa mwilini utoke, ndo ufungue.

Cha kwanza, na nakuomba hiki ukiangalie kwa macho yako sio kwa kukumbuka: juu kushoto ya bodi, karibu na prosesa, kuna tundu la pini 8 la umeme wa prosesa. Waya wake kwenye pawa saplai unagawanyika 4 na 4. Lile tundu liko pembeni kabisa, mara nyingi limefichwa na hitisinki (lile bati la kupoozea prosesa) au ukingo wa kesi, na watu wengi wanaojenga mara ya kwanza wanalisahau. Lisipochomekwa, feni zote zinazunguka, taa zinawaka, na kataa ka CPU kanabaki kekundu, yani dalili zako zote. Na usije ukachukua waya wa kadi ya grafiki ukaulazimisha humo. Wa kadi unagawanyika 6 na 2, pini zake zimekatwa umbo tofauti kwa makusudi kwasababu chanya na hasi zimekaa pande zilizopinduka, ukilazimisha hapo ndo utakuwa umeunguza kweli. Vilevile kama pawa saplai yako ni ya zile za waya zinazochomoka, tumia waya zilizokuja nayo tu. Waya za pawa saplai nyingine, hata zikiingia vizuri, upande wa ndani zinaweza kuwa zimepangwa tofauti, na hazisamehi.

Cha pili ni HDMI. 5600 haina grafiki ndani yake, ni tofauti na 5600G. Kwahiyo ile HDMI iliyopo nyuma ya bodi kwako ni tundu lililokufa, waya wa monita lazima uingie kwenye kadi ya RX 580 yenyewe kule chini, na kadi nayo iwe na waya wake wa umeme. Hii peke yake isingewasha kataa ka CPU, ila nimeitaja kwasababu utakuja kuihitaji baadae.

Ramu zitoe zote, rudisha moja tu, kwenye nafasi ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Bonyeza pande zote mbili mpaka usikie klik, na usishangae ikihitaji nguvu kidogo. Kuna bodi zina klipu upande mmoja tu, upande wa pili umetulia, sasa watu wanadhani imeingia kumbe upande ule usio na klipu umebaki juu milimita moja au mbili. Angalia kwa tochi ya simu, mstari wa dhahabu wa ramu ukionekana ujue haijakaa.

Halafu suala la shoti aliyosema fundi wa pili. Shoti ya kweli mara nyingi haiachi feni zizunguke kwa raha, pawa saplai nzima ina ulinzi, inajikata, unaona feni zinataka kuzunguka nusu sekunde zinasimama. Zako zinazunguka moja kwa moja. Ila inaweza ikatokea bodi ikagusa chuma cha kesi sehemu isiyotakiwa kwasababu kuna kile kijiti cha shaba cha kunyanyulia bodi kimebaki mahali ambapo bodi haina tundu la skrubu. Dawa yake ni kutoa bodi nje ya kesi kabisa, uiweke juu ya boksi lake la karatasi, usiiweke juu ya ule mfuko wa rangi ya fedha iliyokuja nayo maana juu yake unaweza kupitisha umeme. Hapo weka prosesa na feni yake, ramu moja, kadi ya grafiki, pawa saplai. Basi. NVMe toa. Kuwashia, gusanisha kwa ncha ya bisibisi zile pini mbili zilizoandikwa PWR_SW, nusu sekunde tu kisha toa. Zile ni pini za volti ndogo sana, hazikurushi, ila hakikisha bisibisi haigusi kingine. Ikiwaka nje na kwenye kesi haiwaki, umepata jibu lako bila kulipa mtu.

Na wakati prosesa iko wazi, ukiwa na sababu ya kuitoa, angalia pini zake chini. AM4 ina pini 1331 zipo kwenye prosesa yenyewe, na moja tu ikilala unaweza kupata hizi dalili. Iinamishe kwenye mwanga, tazama mistari kwa pembeni, safu zinatakiwa zinyooke pande zote kama mashamba ya mkonge. Ukiona moja imeinama na una mkono uliotulia, inanyooshwa taratibu kwa sindano au ukingo wa kadi ya benki, na ukiwa huna uhakika mwachie mtu anayefanya hizo kazi. Tahadhari moja kubwa: usivute hitisinki juu kwa nguvu. Pasta ya joto inashika kama gundi na prosesa inachomoka pamoja nayo huku soketi ikiwa bado imefungwa, pini zinalala hapohapo. Ilegeze kwanza kwa kuizungusha kidogo kushoto kulia mpaka uhisi inateleza, ndo unyanyue.

Kufuta CMOS, yani kumbukumbu ya mipangilio ya biosi, pia fanya, haigharimu kitu. Umeme ukiwa umechomolewa toa ile betri ya duara CR2032, subiri dakika tano, rudisha. Inarudisha mipangilio ya mwanzo, na kama mwenye bodi alikuwa ameipandisha spidi ramu yake au prosesa yake hiyo inaondoka. Ila nikuambie ukweli, haiwezi kuifundisha biosi ya zamani prosesa mpya. Watu wanafuta CMOS mara kumi wakitegemea muujiza. Unachofuta ni mipangilio, ile programu yenyewe inabaki vilevile.

Ukimaliza hayo yote na kataa bado kekundu, sasa tunaongea biosi kwa uhakika zaidi. Soma jina kamili la bodi lilivyoandikwa juu yake, mpaka namba ya marekebisho kama ipo, maana bodi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na biosi tofauti. Ingia tovuti ya mtengenezaji, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, ukiitafuta Ryzen 5 5600 utaona pembeni namba ya toleo la biosi iliyoanza kuitambua. Kisha mpigie aliyekuuzia umuulize kama aliwahi kusasisha, na kama ana video ya bodi ikiwaka inayoonyesha toleo la biosi, isimamishe usome. Kwenye bodi kuna pia kastika kadogo juu ya chip ya biosi au karibu na tundu la ramu chenye namba ya toleo la kiwandani. Ukiona namba ni ndogo kuliko inayotakiwa, umemaliza uchunguzi.

Namna ya kusasisha zipo kadhaa na hazilingani. Nzuri kuliko zote, kama bodi yako inayo, ni kile kitufe cha kusasisha bila prosesa. Geuza bodi nyuma palipo na USB, kuna kitufe kimeandikwa Flash BIOS au Q-Flash Plus au jina linalofanana, na tundu moja la USB limezungushiwa alama. B450 nyingi za bei ya chini hazina, usijilaumu kama huna. Kama ipo, unachukua flashi ndogo, unaiformati kwa FAT32, unaweka faili la biosi lililofunguliwa kutoka kwenye zip na unalibadilisha jina kama mtengenezaji anavyotaka, kwa mfano MSI wanataka liitwe MSI.ROM na Gigabyte wanataka GIGABYTE.bin, ukikosea hata herufi haisomi. Chomeka waya wa pini 24 na ule wa pini 8, washa swichi ya nyuma ya pawa saplai bila kuwasha kompyuta, flashi kwenye lile tundu lenye alama, shikilia kitufe sekunde chache mpaka kataa kaanze kupepesa, kisha kaa mbali. Inachukua dakika kadhaa. Kakiacha kupepesa ndo umemaliza. Kakipepesa sekunde tatu nne kakazima ujue haijasoma faili, mara nyingi ni jina au flashi yenyewe, jaribu flashi nyingine.

Kama kitufe hakipo, njia ninayokushauri kwa moyo wote ni kumrudia huyo aliyekuuzia bodi. Yeye ana 2600. Muombe akuazime saa moja, au mpelekee bodi na ramu na kadi, mkae wote, muweke 2600 yake, kompyuta itawaka, mtaingia kwenye biosi na kusasisha kutoka kwenye flashi. Mtu muungwana hakatai, na akitaka hela ya soda mpe, bado ni rahisi kuliko kununua bodi. Soma maelezo ya kila toleo kabla hujaruka kwenda la mwisho kabisa, bodi nyingine zinataka upitie toleo la kati kwanza. Na jua kwamba bodi nyingi za kipindi kile zina chip ya biosi ya MB 16, nafasi ilikuwa ndogo mpaka watengenezaji wakaondoa prosesa za zamani zaidi ili hizi mpya ziingie, kwahiyo kama unaazima prosesa kwa mtu mwingine hakikisha toleo unaloenda bado linaitambua, usije ukabaki njiani. Na hapa umeme ndo jambo la kuliangalia sana. Ukisasisha kwa kupitia menyu ya biosi na umeme ukakatika katikati, bodi inaweza isiwake tena na prosesa yoyote. Tafuta UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, hata ya kuazima, au mfanye muda ambao mtaa wenu umeme unatulia. Ile njia ya kitufe inasamehe zaidi kwasababu unaweza kuirudia.

Njia ya tatu ni fundi mwenye programa ya kuandikia chip, kale kakifaa kanakobana chip yenye miguu minane kwa klipu. Inafanya kazi vizuri na hapa mjini mafundi wa laptop wengi wanacho. Lakini mwambie kabla hajaanza aangalie namba ya chip, maana kwenye bodi za AM4 kuna chip za volti 1.8, na hizo programa za bei rahisi zinatoa volti zaidi, bila adapta yake anaweza kuiua. Na anakili kwanza kilichomo humo kabla hajaandika kipya. Fundi anayeelewa atakuambia hayo yeye mwenyewe kabla hujamaliza sentensi, akikushangaa tafuta mwingine.

Kubadilisha prosesa kwa jamaa wa Dubai na kuchukua ya zamani zaidi inawezekana pia, ila utakuwa umerudi nyuma kwa sababu ya faili la biosi, na kwa kazi ya kuediti video 5600 ni prosesa nzuri sana kwa hela yake, mimi nisingeiachia. Kununua bodi mpya kwa sasa ni hela ya bure, na wala usimrushie maneno aliyekuuzia, kwa ulivyoeleza hajakudanganya.

Siku ikiwaka, usiogope ikijizima na kujiwasha mara mbili tatu yenyewe au ikikaa na giza karibu dakika nzima, inajifunza ramu upya. Vumilia. Hapo kataa ka CPU kakizima na ka VGA kakawaka, hamisha macho kwenye ile RX 580. Kadi nyingi za aina hiyo zilizoingia sokoni zilitoka kuchimba sarafu za mtandaoni na biosi ya kadi ilibadilishwa, sasa bodi yenye biosi mpya iliyozima kipengele cha CSM, kile kinachokubali vifaa vya mtindo wa zamani, inaweza ikaikataa isitoe picha. Baadhi zina kaswichi kadogo ukingoni juu chenye biosi mbili, zima kompyuta, kasogeze upande wa pili ujaribu tena. Kama haina, iazime kadi nyingine ya mtu uingie kwenye biosi uwashe CSM.

Kuna mambo mawili ambayo sitaki uyafanye mwenyewe hata ukiwa na hasira kiasi gani. Usifungue pawa saplai. Umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa humo ndani unakaa kwenye kapasita kama volti 325 hivi na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani, huo unaua. Na usikubali mtu apige bodi yako hewa ya moto kwa kubahatisha kabla hajakuonyesha kwa multimita tatizo liko wapi.

Wakati wa kwenda kwa fundi ana kwa ana ni huu: ukisikia harufu ya kuungua au ukiona alama nyeusi, ukikuta pini za prosesa zimelala nyingi au moja imekatika, au ukiwa na uhakika biosi ni mpya ya kutosha na umejaribu nje ya kesi na ramu moja moja na bado kataa ni kalekale. Hapo kinachohitajika ni kubadilishana vipuri, prosesa yako kwenye bodi ya AM4 inayojulikana ni nzima na yenye biosi mpya, jaribio la dakika kumi na tano ambalo linamaliza ubishi wote wa imekufa haijafa. Nenda na kila kitu pamoja na waya zote za pawa saplai, risiti ya prosesa, na karatasi uliyoandika jina la bodi, toleo la biosi na kataa gani kanawaka baada ya kila jaribio, na kaa hapohapo akifanya. Prosesa ikigoma kwenye bodi yake nzima, hiyo karatasi na risiti ndo unamtumia jamaa wa Dubai akubadilishie, kwahiyo mtaarifu kuanzia leo kwamba unaifanyia uchunguzi ili muda wa kurudisha usije ukakupita.